Home Alone 4: walirudisha majina, wakasahau kumwacha mtoto peke yake

Krismasi iliyopita nilikuwa kwa dada yangu Morogoro, mvua inanyesha toka alfajiri, umeme kwa maajabu haujakatika, pilau linaiva uani na watoto wamejazana mbele ya tivii. Mpwa wangu mkubwa, ana miaka minane, alikuwa na flashi aliyojaziwa muvi na jamaa mmoja wa stendi, akatangaza kama mwenyekiti wa mtaa kwamba leo ni Home Alone tu, moja mpaka nne, na anayetaka katuni akaangalie kwao. Ya kwanza walicheka mpaka mdogo wake akamwaga soda kwenye zulia. Ya pili wakacheka pia. Ya tatu kimya kimya kidogo. Ya nne ilipofika kama nusu hivi dogo akanigeukia, akaniuliza kwa sura ya mtu aliyepigwa kwenye biashara: "Anko, sasa huyu si arudi tu kwa mama yake? Mama yake si yuko hapo hapo?"

Nilicheka, ila swali likabaki kichwani wiki nzima. Maana mimi hiyo muvi niliiona zamani kwenye zile dividii za muvi nyingi kwa pamoja, niliichukia, na kila nikiulizwa kwa nini naichukia nasema tu "Macaulay Culkin hayumo", yaani yule mtoto aliyecheza Kevin kwenye mbili za mwanzo, jibu la kila mtu. Kumbe dogo wa darasa la pili amegusa mfupa wenyewe kwa sentensi moja. Kwa hiyo nimerudia kuziangalia zote mbili, ya kwanza na ya nne, kalamu mkononi kama mkaguzi, na hapa naiweka kesi yote mezani.

Kwanza tujue tunaongelea nini. Home Alone ya kwanza, ile ya mtoto Kevin anayesahauliwa nyumbani familia ikisafiri halafu wezi wanakuja anawatega, ilitoka Novemba 1990, kaandika John Hughes, kaiongoza Chris Columbus. Studio ya Warner Bros. ndio walikuwa nayo mwanzo wakagombana na watengenezaji kwenye bajeti wakaitema, studio ya Fox wakaidaka hewani, ikagharimu kama dola milioni 18 na ikarudisha zaidi ya milioni 470 duniani. Marekani ilikaa namba moja wikiendi 12 mfululizo. Ya pili ikaja 1992, Kevin kapotelea New York. Ya tatu 1997, mtoto mwingine kabisa. Halafu ya nne, tarehe 3 Novemba 2002, haikugusa ukumbi wa sinema hata kwa bahati mbaya, ilioneshwa kwenye televisheni ya ABC, jina lake Home Alone 4: Taking Back the House. Ndio hii mgonjwa wetu.

Hadithi yake kwa kifupi. Baba na mama Kevin wametengana. Kevin anakaa na mama yake Kate, na kaka yake Buzz, na dada yake Megan (wale ndugu wengine wawili wa ile ya kwanza wamefutwa, hakuna hata anayewaulizia, utadhani hawakuwahi kuzaliwa). Baba, Peter, ana mchumba mpya anaitwa Natalie, mwanamke mwenye hela zake, anaishi kwenye jumba ambalo kila kitu kinaendeshwa kwa rimoti na sauti. Kevin anaenda kula Krismasi kwa baba. Pale Natalie anategemea wageni wa ukoo wa kifalme, na Marv, yule yule mwizi wa zamani eti, safari hii na mke wake Vera, wanapanga kumteka mtoto wa mfalme. Jumba lina mnyweshaji, Prescott, ambaye Kevin anamshuku kwamba ndiye anawafungulia wezi mlango, na lina mama mtunza nyumba, Molly, mpole kama bibi wa kijijini, ambaye ndiye hasa yuko nao, na ni mama mzazi wa Marv. Mwisho wezi wanakamatwa na wazazi wanarudiana.

Ukiisoma hivyo kwenye karatasi haina ubaya hivyo. Hata ule mgeuko wa bibi Molly ni mzuri kabisa, mi niliupenda. Kwa hiyo tatizo halipo kwenye wazo la hadithi, lipo chini zaidi, kwenye msingi, na ili kuliona inabidi tuifungue ile ya kwanza kama fundi anavyofungua injini.

Watu wanakumbuka mitego. Pasi inashuka kwenye shimo la nguo inampiga Marv usoni, makopo ya rangi yananing'inia kwenye kamba, kitasa cha mlango kimepashwa moto mpaka chekundu, ngazi zimemwagiwa maji zikaganda barafu. Ukimuuliza mtu yeyote aliyeangalia kwenye mabanda ya video enzi zetu atakutajia hayo, tena kwa mikono, anaruka na kuanguka. Sisi Kihonda tulikuwa tunalipa tunakaa kwenye mabenchi ya mbao, tumebanana kama dagaa, na ikifika ile pasi banda zima linapiga kelele mpaka mwenye banda anatishia kuzima. Lakini chukua saa uhesabu, mitego inaanza muvi ikiwa inaelekea ukingoni. Zaidi ya saa nzima ya mwanzo inafanya kazi nyingine kabisa, na kazi hiyo ni kufunga milango. Simaanishi milango ya nyumba, namaanisha kila njia ambayo mtu mwenye akili angeitumia kumwokoa huyu mtoto au mtoto mwenyewe angeitumia kujiokoa. Hughes kakaa chini kazifunga moja moja.

Angalia. Kuna watu 15 wanasafiri kwenda Paris, kwa hiyo mtoto mmoja kupotea kwenye rundo sio ajabu. Usiku Kevin anagombana na Buzz kwa ajili ya pizza ya jibini, maziwa yanamwagika, na kwenye kufuta futa baba anatupa tiketi ya Kevin pamoja na zile karatasi za kupangusia bila kujua, kwa hiyo uwanja wa ndege hakuna tiketi moja itakayobaki mkononi ikawashtua. Kevin anapelekwa kulala darini, juu kabisa, peke yake. Upepo wa usiku unakata umeme, saa za kuamshia zinazima, asubuhi wote wanaamka wamechelewa wanakimbizana kama kuku wameona mwewe. Halafu linakuja lile goli la kisigino: mtoto wa jirani, Mitch, msumbufu, kajipenyeza anachokonoa mabegi, na binamu mkubwa aliyepewa kazi ya kuhesabu vichwa anamhesabu na yeye. Hesabu imetimia. Kwa hiyo mzazi hajazembea kivile, kahesabu, na hesabu imemdanganya.

Wakishakuwa hewani ndio mama anakumbuka. Sasa mtazamaji anauliza, si apige simu? Ule upepo uliokata umeme umeharibu na laini za simu, fundi kamwambia kabisa mama kwamba umeme tumerudisha ila simu itachukua siku kadhaa. Si awapigie majirani? Wamesafiri wote, mtaa mzima mtupu, na ndio maana wezi wameuchagua. Si apige polisi? Kapiga kutoka Paris, polisi wanarushiana simu kama mpira, wakamtuma mmoja akagonge mlango, Kevin kwa woga kajificha chini ya kitanda, askari kaondoka anasema hakuna mtu humu, wakahesabu upya watoto wao. Si arudi na ndege? Ni msimu wa Krismasi, ndege zimejaa, inabidi abadilishe mpaka hereni kupata siti, na mwisho anaishia nyuma ya gari na bendi ya wapiga muziki wa polka, kiongozi wao mchekeshaji John Candy.

Na Kevin mwenyewe, si aende polisi? Hapa ndio nilivua kofia. Kwanza yule mwizi Harry alikuja nyumbani kwao siku ya kwanza kavaa sare za polisi, na Kevin alimwona jino lake la dhahabu, na baadaye akaliona tena kwa mwizi. Pili, Kevin alienda dukani kununua mswaki, akamwona yule mzee Marley anayeogopwa mtaani, akatoka mbio na mswaki mkononi bila kulipa, askari akamkimbiza. Kwa hiyo kwenye kichwa cha mtoto wa miaka minane yeye sasa ni mhalifu anayetafutwa. Mswaki tu huo! Mswaki mmoja umefunga kituo cha polisi.

Najua wajuaji watasema mbona aliagiza pizza kwa simu kama simu imeharibika. Ni kweli, hapo kuna kaufa, kuna watu wanasema iliyokufa ni ile ya mbali tu na ya mtaani inafanya kazi, mi siwezi kubishana nao. Lakini angalia, mpaka leo zaidi ya miaka 30 watu wanagombania tundu moja. Maana yake matundu mengine yote yalizibwa. Kwenye ya nne hakuna anayegombana kuhusu matundu kwa sababu hakuna kuta.

Turudi sasa kwa swali la mpwa wangu. Kwenye ya nne Kevin yuko kwa baba yake, baba yupo, anatoka anarudi. Mchumba wa baba yupo. Mnyweshaji yupo. Mtunza nyumba yupo. Mama na ndugu zake wako nyumba nyingine ambako wanaweza kuja na gari, na wanakuja kweli. Simu zinafanya kazi. Yani jina la muvi ni peke yako nyumbani, na nyumba yenyewe sio yake na peke yake hayupo, nimekaa nikahesabu watu waliopita kwenye lile jumba nikachoka, ukiongeza na sherehe yenye wageni na wahudumu ni kama harusi ya Mbezi. Kinachobaki kumtenga ni kimoja tu, kwamba akisema wezi wamekuja watu wazima hawamwamini. Hiyo inaweza kutosha kwenye muvi nyingine. Hapa haitoshi, kwa sababu mtu asiyeaminiwa na baba anatembea anaenda kwa mama. Dogo wa Morogoro kaliona hilo, waandishi wawili wa Hollywood hawakuliona, au waliliona wakasema twende tu, watoto hawajali.

Na jambo la pili linatoka hapo hapo: mitego. Kwenye ya kwanza kila silaha ya Kevin ni kitu ambacho mtoto angekikuta nyumbani. Mapambo ya mti wa Krismasi chini ya dirisha, Marv anayakanyaga pekupeku. Vigari vya kuchezea kwenye sakafu. Lami kwenye ngazi, msumari katikati. Rangi. Pasi. Ukitoka bandani unaenda kwenu unaangalia nyumba upya, unaangalia ndoo, kamba, kopo la Kimbo, unajiuliza hili ningelining'iniza wapi. Mi nilimwekea kaka yangu ndoo ya maji juu ya mlango wa choo cha nje, ikamwangukia mama, na kilichofuata hakihusiani na uchambuzi huu. Hoja ni kwamba ile muvi ilikuwa inakupa kitu cha kufanya. Kevin anachora ramani ya vita kwa kalamu za rangi, anaijua nyumba yake kila kona, kuzidi watu wazima.

Kwenye ya nne jumba linajiendesha. Sema neno, mlango unafunguka. Bonyeza rimoti, kitu kinazunguka. Stelingi sio Kevin tena, stelingi ni rimoti. Mtoto kaingia humo jana, hapajui, hana kona yake ya siri, na ujanja wote tayari umenunuliwa na mwenye nyumba. Nawaelewa walichokuwa wanatafuta, mwaka 2002 nyumba ya kuongea nayo ilikuwa ndoto ya kila mtoto, wakadhani wanakuza mchezo. Ila wamemnyang'anya mtoto kichwa chake wakampa kidude. Mpwa wangu hakusimama hata mara moja kuigiza chochote cha ya nne. Ataigiza nini, hatuna rimoti ya mlango, mlango wenyewe wa dada unafungwa na komeo la mbao.

Halafu Marv. Hapa nitachukua muda kidogo kwa sababu inaniuma.

Wezi wa kwanza ni Joe Pesci (Harry) na Daniel Stern (Marv), mfupi mwenye hasira anayejiona ana akili na mrefu bwege anayefurahia kila kitu, mpaka anafungua mabomba kila nyumba wanayoiba ili waache alama. Pesci mwaka huo huo wa 1990 alitoka kwenye Goodfellas, jambazi wa kutisha mpaka akashinda Oscar kwa hiyo kazi. Kwa hiyo ukimwona Harry unaogopa kwanza, halafu ndio unacheka anapochomwa kichwa. Ule woga ndio unanunua kicheko. Mtoto akishamwogopa adui, kila kipigo ni sikukuu.

Kwenye ya nne Marv anachezwa na French Stewart, ambaye kwa kweli ni mchekeshaji mzuri, wengi tulimjua kutoka kwenye tamthilia ya 3rd Rock from the Sun, na mkewe Vera ni Missi Pyle, naye hana shida. Ila wamemwita Marv halafu wakamvisha na kumpa tabia inayokaribia Harry, ndiye kichwa cha genge, ndiye anatoa amri. Kwa nini sasa umwite Marv? Kama Stern hayupo na Pesci hayupo, mpe jina lingine, mwite vyovyote, tutakuelewa. Ukimwita Marv umenifanya nikae dakika 80 nikimtafuta Marv. Na kila akianguka badala ya kucheka nakumbuka aliyekuwa anaanguka vizuri zaidi. Ni kama umeoa mke mpya ukaanza kumwita kwa jina la marehemu.

Hiyo ndio kesi yote ya hii muvi ukitaka: majina. Kevin ni Kevin, Buzz ni Buzz, Kate, Peter, Megan, Marv. Waigizaji wote wapya, hakuna hata mmoja wa zamani. Kevin wa sasa, Mike Weinberg, ana miaka tisa kwenye hadithi, wakati Kevin wa 1990 alikuwa na minane. Miaka 12 imepita kakua mwaka mmoja. Culkin mwenyewe muda huo ana miaka 22, kashaoa na kuachana. Dogo wa watu Weinberg simlaumu kabisa, kajitahidi, ana sura ya ujanja, ila kavishwa koti la mtu mzima akaambiwa akimbie.

Linganisha na ya tatu ambayo watu wanaitukana kwa mkumbo. Ile ilileta mtoto mwingine, Alex, mwenye jina lake, familia yake, mtaa wake, wezi wake wanne wanaotafuta kidude cha kompyuta kilichofichwa kwenye gari la kuchezea. John Hughes kaiandika mwenyewe. Na angalia alivyofanya: mtoto kaumwa tetekuwanga, kwa hiyo hawezi kwenda shule, wazazi kazini, akiwaita polisi wakija wezi wameshaondoka, mara ya pili vile vile, basi polisi wamechoka naye. Milango imefungwa! Sio kwa ustadi ule wa 1990 ila imefungwa. Roger Ebert, mkosoaji mkubwa wa Chicago, aliisifia, akasema inazidi zile mbili za mwanzo, na watu walimcheka sana. Mi siendi mpaka huko ila namwelewa. Yumo pia Scarlett Johansson akiwa mtoto mtoto, dada yake Alex, hiyo ni ya kuwashangaza watu tu kwenye chemsha bongo. Ilipata kama dola milioni 79 wakati imegharimu 32, na nadhani ndio maana ya nne ikakosa ukumbi.

Sasa hela. Kila anayeitetea ya nne anasema jamani ilikuwa ya televisheni, hela kidogo. Ni kweli. Ile miaka studio zilikuwa zinachukua jina lolote lililowahi kuuza, zinalitengenezea mwendelezo wa bei ya chini kwa ajili ya kanda na dividii, hata yule mbwa Beethoven alifika namba tatu na namba nne kwa mtindo huo, mwaka 2000 na 2001. Home Alone 4 ilipigiwa Cape Town. Ndio, Afrika Kusini hapo. Chicago ya theluji imetengenezwa kwenye mji ambao Krismasi yake watu wanaenda ufukweni. Nilipolijua hilo nilirudi kuangalia tena nyuma ya madirisha nikitafuta mlima wa Table, sikuuona, wamejitahidi kuuficha.

Lakini hela haikatazi kufunga milango. Kukata laini ya simu kwenye skripti ni bure. Kumfanya mtoto aibe mswaki bahati mbaya kunagharimu mswaki. Hata hiyo ya kwanza ilikuwa na ujanja wa kubana bana, nyumba ya nje ni ya kweli pale Winnetka, nje kidogo ya Chicago, ila ndani kwingi walijenga kwenye shule ya sekondari iliyokuwa imefungwa, na theluji walichanganya ya kweli na ya kutengeneza. Hakuna aliyelalamika. Mtazamaji akishaamini kwamba huyu mtoto hana pa kukimbilia hata ungeweka pamba kwenye miti ataona baridi.

Kuna kitu kimoja nilitaka nikiache kwa sababu ni cha nyumbani kwetu, lakini bila hicho kesi haijakamilika. Talaka. Mimi nimekulia nyumba mbili, shule kwa mama, likizo kwa baba na mama mdogo, kwa hiyo niliposikia hii inahusu mtoto wa wazazi walioachana nilikaa vizuri, nikasema hii inanihusu. Na ingeweza kuwa bora kuliko hata ya kwanza! Fikiria. Kwenye ile ya 1990 Kevin aliomba familia yake ipotee, asubuhi kaamka hawapo, anaamini kabisa yeye ndiye kawapoteza. Raha ya kula aiskrimu na kuruka juu ya kitanda ina hofu chini yake, na ndio maana anapokaa na mzee Marley kanisani, wanasikiliza kwaya, mzee anamwambia hajaongea na mtoto wake miaka, ile sini watu wazima wanatafuta leso. Mtoto wa talaka naye anaamini hivyo hivyo, kwamba ni kosa lake. Mlango ulikuwa wazi kabisa hapo. Mtoto yuko kati ya nyumba mbili, kila mzazi anadhani yuko kwa mwenzie, hakuna anayepiga simu kwa sababu hawataki kuongeleshana. Mnaona? Peke yake nyumbani, milango yote imefungwa, na iliyoifunga sio dhoruba, ni ugomvi wa wazazi. Mi sio mwandishi wa skripti lakini hiyo imenijia nikiwa naosha vyombo.

Wao walifanya nini? Wakamfanya Natalie kikwazo cha kuondolewa. Na huyo mwanamke kwa muda mrefu wa muvi hana kosa la maana, kamkaribisha mtoto wa watu, ana nyumba nzuri, anataka sherehe yake iende vizuri. Halafu baada ya fujo baba anarudi kwa mama kana kwamba alikuwa ametoka kununua vocha. Nilikuwa na miaka kumi na kitu nilipoiona mara ya kwanza, na nakumbuka nilimwangalia mama yangu pembeni, kakaa na kisu chake anamenya viazi, akasema "hawarudianagi hivyo" akaendelea kumenya. Sijawahi kusikia uchambuzi wa filamu mfupi na mkali zaidi ya huo.

Baada ya hii walirudia tena, 2012 ya televisheni na 2021 ya Disney+, na wote kwa namna yao walijua kosa la majina, wakaja na watoto wapya. Ile ya 2021 iliwafanya wezi wenyewe ni mke na mume wenye shida ya hela wanaogopa kupoteza nyumba, halafu mtoto anawapiga, ukawa unawahurumia wanaopigwa, ila hiyo ni kesi ya siku nyingine na mgonjwa mwingine.

Pale Morogoro ya nne haikuisha. Mdogo wake alilala, mvua ikakatika, dada akatuita kula. Baada ya pilau dogo akairudisha ya kwanza, peke yake safari hii, kajilaza kwenye mkeka rimoti kifuani. Nilikuwa nimeshaanza kusinzia kwenye kochi nikasikia amesimamisha. Nikafungua jicho moja. Ameirudisha nyuma, pale asubuhi wanapohesabiwa kabla ya kuingia kwenye magari, anahesabu kwa kidole kwenye kioo, moja, mbili, tatu, anarudia, anahesabu tena, halafu akaruka juu akaja kunitingisha bega kwa nguvu.

"Anko! Anko, huyu aliyeinama kwenye begi sio wao!"